Wafinyanzi wa Ilesi na Jina la Fundi

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kakamega, akiisha kuupanda mlima wa Maragoli na kuiacha Chavakali nyuma yake, kabla hajaingia mjini hukutana na safu za vyombo vya udongo vilivyopangwa kando ya barabara kuu, vyekundu kama ardhi iliyovizaa: vyungu vya kupikia, mitungi ya maji, vyungu vya maua vinunuliwavyo na watu wa mjini, na katikati yao vyombo vifupi, vipana, vyenye mlango ubavuni, ambavyo mgeni hushindwa kuvipa jina kwa kuwa si vyungu wala si mitungi, ni matumbo ya majiko. Mahali hapo ni Ilesi, katika nchi ya Waisukha, na wenye kazi hiyo tangu zamani ni wanawake. Nimepita hapo mara nyingi, na aghalabu nimesimama, maana naamini kwamba mtu atakaye kuandika taarikhi ya wanawake na uhandisi katika Kakamega hana budi kuanzia penye udongo huu, kwani hapo ndipo palipokuwa na ilimu ya vipimo, ya moto na ya tabia za vitu, muda mrefu kabla ya kujengwa darasa la kwanza la mekanika, na wenye ilimu hiyo hawakupata kuitwa kwa jina lililowastahili.

Neno lenyewe, mhandisi, tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao handasa ni ilimu ya maumbo na vipimo. Nao Waarabu walilitoa kwa Waajemi, ambao kwao andaza ni kipimo. Mhandisi, basi, kwa asili ya jina lake, ni mtu apimaye. Tukilishika neno kwa mzizi wake huo tutaona kwamba kikongwe wa Kiisukha, akaaye chini kivulini akalipandisha tumbo la mtungi kwa mikono miwili hata likawa duara kamili pande zote, bila ya rula wala bikari, alikuwa na haki ya jina hilo tangu hapo.

Udongo wa kufinyangia hauokotwi popote. Huchimbwa mabondeni, karibu na maji, chini ya tabaka ya udongo wa juu wenye mizizi, na mchimbaji huujua kwa kuusugua baina ya kidole gumba na kidole cha shahada, akisikiliza kwa ngozi ulaini wake na chembe zake. Ukiwa laini kupita kiasi chombo hupasuka kinapokauka, na ukiwa na mchanga mwingi haushikamani. Kwa hiyo huchanganywa, ama kwa mchanga, ama kwa vigae vya vyungu vilivyovunjika vilivyopondwa vikawa kama chenga. Mtu asidhani kwamba vigae hutiwa kwa ubakhili, kusudi udongo usipotee. Chembe ngumu iliyokwisha kuonja moto hufungua vinjia vidogo ndani ya udongo mbichi, maji yakapata pa kutokea bila ya kuupasua ukuta. Na chungu kikisha kutiwa juu ya moto mkali, ufa unaoanza hukutana na chembe hizo ukazuiwa usienee. Somo hilo leo lina vitabu vyake katika vyuo, na wanafunzi hulifanyia mtihani. Katika nchi ya Kakamega lilipitishwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na kutoka kwa mama mkwe kwenda kwa mkaza mwana, pamoja na miiko yake, na mtihani wake ulikuwa ni moto.

Maumbo nayo yalikuwa na sababu zake. Chungu cha kupikia hufanywa kitako cha mviringo kwa sababu kona ni adui wa chombo cha udongo. Ukuta unapopinda ghafula joto hutofautiana, na ufa huzaliwa papo hapo. Tena mviringo hukaa juu ya mafiga matatu hata kama mafiga hayakulingana. Mtungi wa maji, isiongo kwa jina la huko, huachwa upumue: maji kidogo hujipenyeza ukutani, hukaushwa na upepo kwa nje, na kukauka huko huyapoza yaliyobaki ndani, hata mtu anayerudi shambani jua la saa saba akayanywa kama maji ya chemchemi. Chungu cha busaa, pombe ya nafaka, hupewa mdomo wa kuenea mirija ya wazee waliokizunguka. Hata nakshi ya kamba iliyosokotwa, inayoviringishwa begani mwa chombo kingali kibichi, ambayo watazamaji huihesabu kuwa pambo tu, humsaidia mwenye mikono yenye maji asiteleze. Kisha chombo hukaushwa kivulini siku nyingi, huchomwa uwanjani bila ya joko, kwa kuni, nyasi kavu na samadi, upepo ukiwa umetulia. Na kikisha kupoa, mwenyewe hukigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Kikilia, kizima, kikijibu kwa sauti iliyofifia, kina ufa ambao jicho halijauona.

Malipo ya kazi hii yalikuwa ya haki katika namna yake, kwani ilikuwa desturi katika masoko ya magharibi ya Kenya kwamba bei ya chungu ni nafaka inayokijaza: aliyefanya kikubwa alirudi na nyingi. Lakini heshima ya ufundi ilikuwa kwingine. Wahunzi, hususan wa Samia, waliofua majembe na mikuki, walikuwa wanaume na waliogopwa kwa kazi yao. Mfinyanzi alihesabiwa kuwa ni mwanamke anayefanya kazi za wanawake. Wahenga wa pwani walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni, nami kila niisikiapo methali hiyo huona kwamba haimhusu mwenye ubahili wa vyombo tu, bali yeyote yule ambaye kazi ya mikono yake huwatukuza wengine naye asipate kitu.

Kiswahili chenyewe, ambacho ndicho kilicholeta neno fundi katika nchi hizi, kiliingia kwa njia ya Mumias, kwenye baraza ya ukoo wa Nabongo, wafalme wa Wawanga, pamoja na misafara ya watu wa pwani iliyokuwa ikifuata pembe. Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883 alikuwa anafuata nyayo zao. Fundi katika safari hizo alikuwa mshona mahema, mtengeneza bunduki, seremala, almuradi mtu wa msafara, na mtu wa msafara alikuwa mwanamume. Tangu hapo neno lilipata jinsia ambayo sarufi yetu haikulipa, kwani ngeli ya fundi haibagui mume na mke.

Walioukaza ubaguzi huo, pasipo nia mbaya, ni wamisionari. Mwaka 1902 Waquaker watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifungua kituo Kaimosi na kukiita misheni ya kazi za mikono, wakiamini kwamba Injili na msumeno viende pamoja. Walizuia maji ya mto yakazungusha mashine ya kupasua mbao, wakafundisha useremala, uashi na ufyatuzi wa matofali. Hebu tufikiri jambo hili: vijana wa kiume waliketishwa wafundishwe namna ya kuuchanganya udongo, kuutia katika kalibu, kuukausha na kuuchoma, katika nchi ambayo mama zao walikuwa na ilimu hiyo na zaidi yake kwa vizazi vingi, na wasichana, waliokuwa warithi halali wa udongo, waliwekwa upande mwingine wakapewa sindano. Kadhalika Butere, ambako Walter Chadwick wa misheni ya Kianglikana alianza kazi mwaka 1912, na dada yake Jane Elizabeth akamfuata mwaka 1916 akaanzisha mafunzo ya wasichana yaliyozaa shule mashuhuri ya leo. Sitaki kuwanyima wamisionari hao insafu yao. Kusoma na kuandika waliwapa wasichana, na bila ya hayo hakuna lolote kati ya yaliyofuata ambalo lingaliwezekana. Lakini mke mwema mwenye nyumba safi ndiye aliyekuwa kipeo cha elimu ile, naye hakuhitaji hesabu za nguvu na mizigo.

Ikaja dhahabu. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, aliipata katika eneo la mto Yala, na katika muda mfupi Kakamega, iliyokuwa boma tulivu la wilaya ya Kavirondo ya Kaskazini, ikajaa Wazungu wenye makarai na hema. Sheria ya amana ya ardhi ya wenyeji, iliyotungwa mwaka 1930 ikiahidi kwamba ardhi haitatwaliwa ila kwa kutolewa nyingine badala yake, ilibadilishwa kabla haijatimiza miaka mitatu, mwishoni mwa mwaka 1932, ili wachimbaji wasizuiliwe. Mgodi wa Rosterman ulichimbwa hata mwaka 1952, na watu wa nchi hii waliona injini, pampu na mitambo ya kuponda mawe ikinguruma usiku na mchana. Vijana wa kiume walioajiriwa walitoka humo na maarifa ya mashine, wengine wakaja kuwa mafundi wa magari na madreva. Wanawake walipeleka mahindi, unga na pombe kwenye makambi, wakapata fedha; mashine hawakuzikaribia.

Miaka hiyo hiyo vinu vya kusaga kwa nguvu ya maji vilienea katika mito ya wilaya, vingi vikimilikiwa na Waafrika. Kwa mabega ya akina mama ilikuwa neema kubwa, maana anayejua kazi ya jiwe la kusagia, jinsi mtu anavyopiga magoti kabla ya alfajiri akasukuma jiwe juu ya jiwe hata viganja vikaota sugu, hawezi kuliombolezea. Ila usagaji, uliokuwa mikononi mwa mwanamke, ulipopata gurudumu na mkanda ulihamia mikononi mwa mwanamume, na mwanamke akawa mteja anayesubiri na debe lake mlangoni. Jambo hili lilirudiwa mara nyingi katika karne ile, na ndilo linalonifanya niione taarikhi ya ufundi Kakamega kuwa kwanza ni taarikhi ya kunyang'anywa kwa upole.

Shule za serikali zilikwenda njia hiyo hiyo. Shule ya wavulana ya Kakamega ilifunguliwa mwaka 1932, na shule ya ufundi ya Sigalagala ilipokuja, kilomita chache kutoka kwa wafinyanzi wa Ilesi, iliwafunza wavulana uashi, useremala na kazi za chuma. Huko Kabete, shule ya Jeanes, iliyoanzishwa mwaka 1925, iliwapokea walimu pamoja na wake zao, waume wakafundishwa kuongoza vijiji na wake wakafundishwa usafi, upishi na malezi. Ni katika mazingira hayo ya Kabete ndipo chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipozaliwa mwaka 1952, kikiongozwa na wanawake wa Kizungu, kikiwa na vilabu vya kushona na kuoka keki. Ninakitaja kwa sababu chama hicho kilikuja kufanya, baada ya miaka thelathini, jambo ambalo waanzilishi wake hawakulikusudia.

Uhuru ulipokuja, na wito wa Harambee ukapigwa, watu wa Mkoa wa Magharibi waliamua mwaka 1972 kujijengea chuo chao cha sanaa na sayansi za kutumika, ambacho kila mtu alikiita WECO. Katika harambee za siku zile aliyekosa shilingi alileta kuku, au mayai, vikanadiwa mbele ya mgeni wa heshima. Msomaji na akumbuke kwamba katika mila ya Waluhya kuku ni chakula ambacho mwanamke alikatazwa kukila, ingawa yeye ndiye aliyemfuga, akamfunika usiku na kumpika. Na wasichana wa misheni waliothubutu kuuvunja mwiko huo katika ujana wa bibi zetu walionekana kuwa wametenda ajabu. Ndege huyo ambaye mwanamke hakumwonja ndiye aliyekichangia chuo cha ufundi, na katika madarasa yake ya kwanza ya ufundi wavulana ndio waliojaa.

Wakati huo kule Ilesi mambo yalikuwa mabaya. Sufuria ya alumini ilikuwa imeingia katika kila nyumba, nyepesi, isiyovunjika, na debe na ndoo zilikuwa zimechukua nafasi ya isiongo. Kazi iliyokuwa na wateja tangu mababu ilibaki na vyungu vya busaa na vya maua. Kadhalika kuni zilikuwa zinaadimika. Msitu wa Kakamega, ambao ni mabaki ya mashariki kabisa ya msitu mkuu wa Kongo, ulikuwa umeliwa pembezoni, mashamba yaligawanywa yakawa vipande vidogo, na mwanamke alitembea mbali zaidi kila mwaka kwa ajili ya moto wa mafiga matatu, ambao sehemu kubwa ya joto lake hupasha ukuta na macho ya mpishi.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano Nairobi juu ya nishati mpya na zinazorudika, na katika miaka iliyofuata Kenya ikawa uwanja wa majaribio ya majiko. Jiko la makaa lenye tumbo la udongo na vazi la bati, lililofuata mfano wa majiko ya ndoo ya Uthai, liliteka miji. Bati lake likakatwa na mafundi wa jua kali, wengi wao wanaume. Mashambani, ambako watu hupika kwa kuni, Maendeleo ya Wanawake, kwa msaada wa shirika la Wajerumani la GTZ na Wizara ya Nishati, ilieneza tumbo la udongo lisilo na bati, linalojengewa jikoni kwa tope na mawe, na watu wakaliita jiko la Maendeleo. Tangu mwaka 1990 hivi shirika la Kiingereza la ITDG, ambalo sasa huitwa Practical Action, liliingia Kenya Magharibi kuvifundisha vikundi vya wanawake wafinyanzi kulitengeneza kwa wingi na kuliuza kama biashara, na baadaye jiko likabadilishwa jina likawa Upesi. Wale waliotafutwa na wataalamu walikuwa ni wanawake wale wale ambao hapana shule iliyowahi kuwatafuta.

Asidhani mtu kwamba kutoka chungu kwenda jiko ni hatua ndogo. Nilisimama siku moja mbele ya kibanda cha bibi mmoja wa Ilesi, mwenye nywele nyeupe na mikono isiyo na mtetemeko, nikamwambia, "Mulembe, kukhu," yaani amani, bibi, akanipa kigoda bila ya kuiacha kazi. Alikuwa ametandaza udongo katika kalibu ya chuma iliyopakwa majivu usije ukaganda. Aliutupa bonge baada ya bonge, kwa nguvu, hewa itoke. Akaukandamiza ukutani kwa kiganja hata ukawa na unene mmoja. Akakwangua ndani kwa ubao uliokatwa kwa umbo, akauzungusha mara tatu. Alipoifungua kalibu, tumbo la jiko lilisimama peke yake, likimeta maji. Akachukua kipande cha bati kilichokatwa kuwa kielelezo cha mlango, akakiweka ubavuni, akafuata ukingo wake kwa kisu. Kisha akapachika ndani mdomoni vile vifundo vitatu vinavyoshika sufuria, kila kimoja akikipima kwa kijiti.

Nikamwuliza kwa nini apime kwa kijiti naye amefinyanga kwa jicho maisha yake yote. Akasema, "Chungu hakina mwenzake, mwanangu. Jicho langu lilikitosha. Jiko lina mwenzake, sufuria. Likizidi nusu ya kidole moto unatoroka, likipungua sufuria haikai, mwenye nyumba ananirudishia."

Sijasoma maelezo ya uhandisi yaliyo wazi kuliko hayo. Katika maneno yale kulikuwa na tafauti yote iliyopo baina ya sanaa ya chombo kimoja na ufundi wa vyombo mia vinavyolingana: kipimo kilitoka katika jicho la mtu mmoja kikaingia katika kalibu, bati na kijiti, ambavyo binti yake, au jirani asiyemjua, aweza kuvishika akatoa jiko lile lile. Mlango ukiwa mkubwa kupita kiasi hewa baridi huingia na kuni huliwa bure. Ukiwa mdogo moshi hujaa. Tumbo likiwa refu moto haufiki kwenye sufuria. Likiwa fupi makaa hulisonga. Vikundi vilivyoshindwa, vilishindwa hapo, katika mlango uliokatwa kwa haraka na tumbo lililochomwa kabla halijakauka. Na vilivyofaulu vilijenga majoko ya matofali, vikaweka daftari ya waliolipa na wasiolipa, vikafundisha wanawake wengine kazi ya kulijenga jiko jikoni kwa watu, hata ikawa katika vijiji vya pembezoni mwa msitu mtu husema nitafutieni fundi wa jiko, na anayekuja na ndoo yake ya tope ni mwanamke. Neno lililopotea Mumias lilirudi kwa njia hiyo. Katika karne hii mradi wa Eco2librium umeyaeneza majiko ya Upesi katika maelfu ya nyumba kuuzunguka Msitu wa Kakamega, ukilipiwa kwa hesabu ya hewa ya ukaa isiyopanda mawinguni, na kwa hiyo tumbo la udongo la Ilesi limepata kuandikwa katika daftari za wanunuzi wa hesabu hiyo huko Uswisi.

WECO nacho kilikua. Mwaka 2002 kilifanywa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2007 kikasimama peke yake kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kwa jina la mwanasiasa mashuhuri wa magharibi aliyefariki mwaka 1992. Humo sasa husomeshwa uhandisi wa ujenzi, wa mitambo na wa umeme, na wasichana wamo, kofia ngumu kichwani na vipimo vya ardhi begani. Wamo, lakini ni wachache, na wachache zaidi ni wale wanaodumu katika miaka ya mazoezi chini ya mhandisi mkuu hata wakaandikishwa rasmi kwa mujibu wa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011. Sababu hutajwa nyingi: maabara ya fizikia yaliyo haba katika shule za wasichana, kazi za mbali na nyumbani, msimamizi wa ujenzi asiyetaka kuamriwa na binti. Zote ni kweli. Mimi huongeza moja, kwamba binti huyo huambiwa tangu utotoni kwamba anaingia katika nyumba ya wageni, na kila siku hutarajiwa kuomba idhini mlangoni, ilhali bibi yake mzaa mama alikuwa akipima joto la moto kwa rangi yake na afya ya ukuta kwa mlio wake. Ningependa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apelekwe Ilesi, safari ya muda mfupi kwa matatu, kabla hajafundishwa habari ya ufa na nguvu za mvuto, akae juu ya kigoda na kutazama.

Siku ile nilikaa hata joko lilipofunguliwa. Majiko kumi na mawili yalitolewa, yangali na uvuguvugu, yakapangwa juu ya majani ya migomba, na kukhu akapita akiyagonga moja moja kwa kifundo cha kidole, kichwa kimeinama, watoto wote wamenyamaza kwa kuwa walijua. Kumi na moja yalilia. La saba lilijibu kwa sauti iliyofifia. Akaligonga tena upande wa mlango, akalitazama, hakuona kitu, akalitenga. Kisha akamwita mjukuu wake, akampa jiwe la kupondea na kumwonyesha chungu cha vigae kilichokuwa kimekwisha kupungua.